Springi Mahali pa Chuma Kizito

Mtu akitaka kujenga nguvu za mwili, jambo la kwanza analolifikiri ni kitu kizito cha kunyanyua. Mwenye fedha hununua vyuma. Asiye nazo hujaza kopo mbili saruji, akaziunganisha kwa kipande cha bomba, kazi ikaanza. Sina neno juu ya kopo hizo, maana zimewatia nguvu vijana wengi. Lakini uzito una tabia zake, na tabia mojawapo ni kwamba haubebeki kwa urahisi. Mtu mwenye nyumba yake auweke pembeni. Je, mtu ambaye nyumba yake ni gari afanye nini?

Nauliza hivi kwa sababu kaka yangu ni dereva wa lori kubwa, hupeleka mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na ng'ambo yake, Zambia. Mwaka juzi alivunjika mguu wa kushoto, mfupa wa muundi, akakaa na plasta kwa muda mrefu. Mfupa ukaunga vema, lakini plasta ilipofunguliwa tuliona paja limenywea hata suruali ilining'inia upande mmoja kama nguo iliyotundikwa ukutani. Sasa mguu wa kushoto wa dereva wa lori ndio mguu wa klachi, nao hukanyaga mamia ya mara kwa siku, hasa penye milima na foleni. Mwajiri akampa miezi mitatu. Baada ya hapo, mguu ukikataa, kiti kitapewa mwingine.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimruhusu kuutia mguu mzigo kidogo kidogo, akamwonyesha namna ya kusukuma. Katika miezi ile kaka alipewa safari za kuketi upande wa pili, akimsaidia dereva kijana, ili asikae bure. Basi mazoezi yake yalikuwa hayana budi kufanyika ndani ya lori, juu ya kile kitanda chembamba kilicho nyuma ya viti. Nilimwambia achukue mfuko wa mchanga. Akacheka. “Mdogo wangu,” akasema, “kitu cha kilo 30 kisichofungwa ndani ya gari, siku nitakayoshika breki ya ghafula kitanijia kisogoni.” Tena hata kikifungwa, mzigo huvuta chini tu, kwa kuwa ndiko dunia iuvutako. Mtu aliyelala chali hawezi kuusukuma kwa mguu bila kuuinua juu yake mwenyewe, na ukimponyoka utamwangukia. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri habari za springi.

Springi, au kamani kama wazee walivyoiita ile ya saa, haijali chini wala juu. Huvuta au husukuma upande wowote uielekezao. Si mawazo mapya. Eugen Sandow, mtu mwenye nguvu aliyezaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg, akapata sifa kubwa London, aliuza vyuma vidogo vya mkononi vilivyopasuliwa katikati kwa urefu, vipande viwili vikiwa vimetenganishwa na springi. Mwenye kufanya mazoezi alipaswa kuvibana vipande viguse wakati wote anapokunja mkono. Akilegeza ngumi, springi huvitenga. Chuma chenyewe kilikuwa chepesi, kazi ilikuwa katika kubana. Naye Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kuhamia New York, alitengeneza kitanda chenye kigari kinachoteleza juu ya reli, kimefungwa kwa springi. Mtu hulala juu yake akakisukuma kwa miguu. Husimuliwa kwamba wazo hilo alilipata wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alipofungwa Uingereza pamoja na Wajerumani wengine, akafunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa. Ikiwa ndivyo au sivyo, kitanda chake kingali kikitumika katika nchi nyingi, na yeye alifariki mwaka 1967.

Lakini mahali palipoijaribu springi kuliko pote ni angani, ambako uzito haupo kabisa. Mwaka 1973 Wamarekani walirusha kituo kilichoitwa Skylab, na makundi matatu ya watu watatu watatu yakakaa humo kwa zamu: la kwanza siku 28, la pili siku 59, la tatu siku 84. Kundi la kwanza walikuwa na baiskeli isiyokwenda, basi. Walirudi na miguu iliyopungua nguvu sana. Kundi la pili wakapewa, pamoja na vitu vingine, mishikio miwili ambayo katikati yake huweza kufungwa springi hadi tano. Kwa springi zote tano, kila futi moja ya kuvuta ilidai nguvu ya ratili 25, yaani kama kilo 11 kwa sentimita 30. Wakavuta kila siku. Waliporudi, mikono yao ilikuwa imejihifadhi vizuri kuliko ya wenzao wa kwanza. Miguu haikufaidika vile. Nami naona sababu yake ni wazi. Mguu hapa duniani hubeba mwili mzima kila hatua, tangu asubuhi hadi usiku. Kilo 11, au hata mara mbili yake, ni salamu tu kwa mguu. Kundi la tatu wakaongezewa bamba la kutembelea, huku wamevutwa chini kwa kamba zinazonyumbuka, nao walirudi na miguu yenye hali bora ingawa walikaa muda mrefu kuliko wote.

Nililitia moyoni jambo hilo: chombo cha mguu kisichokuwa na nguvu ya kutosha ni mchezo wa watoto.

Sasa tufike kwenye tabia ya springi yenyewe, maana ndiyo ugumu wote wa kazi hii. Robert Hooke, Mwingereza, aliificha sheria ya springi katika herufi zilizovurugwa mwaka 1676, asije mwingine akamwibia, kisha akaifumbua mwaka 1678: nguvu ya springi hukua sawasawa na kadiri ilivyonyooshwa. Ukiivuta sentimita moja ikakudai kilo moja, ukiivuta kumi itakudai kumi. Chuma kizito hakifanyi hivyo. Kilo 10 ni kilo 10 sakafuni, kiunoni na juu ya kichwa. Kwa hiyo mtu aliyezoea vyuma akishika springi hulalamika kwamba mwanzo hakuna kitu, na mwisho hakuna njia. Mwanzo anavuta hewa, mwisho amekwama.

Dawa ya kwanza ni kuikaza springi kabla ya kuanza. Tuseme nataka nguvu inayofanana na kilo 10 kwa mwendo wa sentimita 50, nami nimekubali ianze kwa 8 na kuishia 12. Tofauti ni kilo 4 katika sentimita 50. Basi ili ianze na kilo 8, springi hiyo lazima iwe imekwisha kunyooshwa sentimita 100 kabla sijaigusa! Mwisho wa kuvuta itakuwa imenyooka mita moja na nusu zaidi ya urefu wake wa asili. Hapo udogo wa chombo umekwisha kupotea. Mtu aweza kutumia kapi, springi iende nusu ya mwendo kwa nguvu mara mbili. Urefu utapungua, lakini kazi iliyohifadhiwa ndani ya chuma ni ile ile, na hakuna kapi iwezayo kuipunguza. Ukitaka springi ifanane kabisa na uzito, waulinganishe ulaini huo na nafasi uliyo nayo. Hakuna bure.

Mafundi wa saa waliliona tatizo hili karne nyingi kabla yetu, kwa upande wa pili. Kamani ya saa ikiwa imejazwa huvuta kwa nguvu, ikikaribia kwisha huvuta kwa unyonge, na saa hupoteza majira. Wakachonga gurudumu lenye umbo la pia, uzi wake ukazungushwa kutoka upande mwembamba hadi mnene, ili kamani inapokuwa na nguvu ivute kwenye wembamba, na inapolegea ivute kwenye unene. Kwa njia hiyo nguvu ifikayo kwenye saa ni moja daima. Ni kitu kizuri sana, na anayetengeneza chombo cha springi kwa ajili ya mikono angefanya vema kukitazama. Mimi nilikichora, nikakiacha. Sikukiacha kwa kushindwa, mguu haukihitaji.

Jaribu hili, msomaji. Chuchumaa mpaka chini kabisa ukajaribu kuinuka umebeba mtoto mgongoni. Kisha simama, kunja magoti kidogo tu, uinuke tena na mtoto yule yule. Mara ya kwanza watetemeka. Mara ya pili huhisi kitu. Mguu uliokunjwa sana ni dhaifu, na kadiri unavyonyooka hupata nguvu. Maana yake ni kwamba mzigo wa kilo moja daima huuonea mguu mwanzoni na kuubembeleza mwishoni, bali springi huanza kwa upole na kuongeza kadiri mguu unavyoweza. Wanyanyuaji wakubwa wa vyuma wanalijua jambo hili, ndiyo maana wengine hufunga minyororo kwenye ncha za chuma, ili kila pete inayoinuka kutoka sakafuni iongeze uzito. Kwa mguu wa kaka yangu, uliotoka kwenye plasta na kuogopa goti lililokunjika, kasoro ya springi iligeuka kuwa msaada. Ningekuwa namtengenezea chombo cha kukunja mkono nisingesema hivyo, kwa kuwa mkono uliokwisha kukunjwa hadi begani hauna tena nguvu, na hapo ndipo springi hudai zaidi.

Nikakata shauri: mwanzo kilo 10, mwisho kilo 30, mwendo wa mguu sentimita 30.

Jambo lililonihangaisha kuliko hesabu lilikuwa usalama. Springi ya kuvutwa, ile yenye kulabu mbili, mara nyingi hukatika kwenye shingo ya kulabu, ambako waya umepindwa ghafula. Ikikatika huruka. Nami nilimwona kaka amelala chali, uso wake uko mbele ya springi mbili zilizokazwa, gizani, lori limeegeshwa porini mbali na hospitali. Sikutaka kulifikiri mara ya pili. Kwa hiyo nikachagua springi ya kubanwa, iliyofungwa ndani ya bomba. Ikikatika itakaa mle mle bombani vipande viwili, na atakachosikia ni mlio tu na mguu kuwa mwepesi. Tena bomba laisaidia kwa jambo la pili: springi ndefu ikibanwa hupenda kujipinda ubavuni kama nyoka, na bomba huizuia.

Muundo wenyewe ni huu. Ubao mdogo wa unyayo, na kila upande wa ubao bomba moja la urefu wa rula ya mwanafunzi, sentimita 30. Ndani ya kila bomba mna springi, na nondo yenye washa nene kichwani inayoisukuma. Nondo hutokeza nje kwa sentimita 15, nyuma ya unyayo. Kiunoni kuna mkanda mpana. Kutoka mkanda hutoka kamba ya nailoni, ikapita ubavuni mwa bomba, ikazunguka kapi ndogo kwenye ncha ya nondo, ikarudi na kufungwa kwenye mdomo wa bomba ulio upande wa kiuno. Mguu ukinyooka sentimita 30, nondo huingia 15 tu. Kila springi hubanwa kwa nguvu ya kilo 10 mwanzoni na 30 mwishoni, na kapi huigawa kila moja nusu. Mbili pamoja hurudisha kwa mguu hesabu niliyoitaka. Msuguano wa kamba na kapi huongeza kidogo wakati wa kusukuma na kupunguza wakati wa kurudi, lakini si wa kumnyima mtu usingizi.

Springi nilipiga hesabu hivi: waya wa milimita 4, upana wa pindi milimita 40 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, mizunguko 30. Ikiwa huru ina sentimita 37. Ndani ya bomba hukaa imekwisha kubanwa sentimita 7 na nusu, ndiyo ile kilo 10 ya mwanzo. Nikaenda kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia waya wa milimita 4 haupo, wa milimita 5 upo tele, “na tofauti, mwalimu, ni milimita moja.”

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu yeyote atakayejaribu kazi hii atakutana na fundi kama huyo, naye ni mtu mwema. Nguvu ya springi haikui kama unene wa waya ukuavyo. Hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukiongeza unene maradufu, springi huwa ngumu mara 16. Kutoka milimita 4 hadi 5, huwa ngumu karibu mara mbili na nusu. Mguu uliotakiwa kusukuma kilo 30 ungekutana na zaidi ya 70. Upande wa pindi ni kinyume chake: pindi ikiwa pana springi hulegea upesi, na mizunguko ikiongezwa hulegea taratibu. Hivyo fundi akikosea waya, usimwambie aongeze mzunguko mmoja au miwili, hautatosha. Nilisubiri wiki mbili mpaka waya wa milimita 4 ukapatikana.

Springi zote mbili kwa pamoja zina uzito wa kilo moja kasoro robo. Nilizishika mkononi nikastaajabu kidogo, ingawa hesabu ilikuwa imekwisha niambia. Pamoja na mabomba, ubao na mkanda, chombo kizima ni kilo 5 na kidogo, nacho huingia katika mfuko wa shule.

Kaka alikitumia jioni baada ya kuegesha, mara nyingine na alfajiri. Nilimsisitizia jambo moja tu, asiuachie mguu urudi wenyewe. Springi hurejesha kila ulichoipa, na kuirudisha polepole ni nusu ya zoezi. Anayeiachia hupigwa goti kifuani na hapati faida. Kwa upande mwingine springi ina uaminifu ambao chuma hakina. Chuma waweza kukirusha, kikaenda chenyewe kwa mwendo uliokwisha kukipa, ukajidanganya kwamba umekinyanyua. Springi haina uzito wa kurushwa. Kila sentimita hudai malipo yake papo hapo.

Wanaanga, nao, wameiacha springi na mpira. Katika kituo kikubwa cha kimataifa kilichoanza kukaliwa mwaka 2000, chombo chao cha kwanza kilikuwa na diski za mpira zisizozidi kilo 136 hivi, na mifupa yao iliendelea kupungua. Mwishoni mwa 2008 wakaletewa kingine chenye silinda mbili zisizo na hewa ndani, ambazo nguvu yake karibu haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, kufikia kilo 272, pamoja na magurudumu mazito ya kuigiza ule mwendo wa chuma kinachorushwa. Nilipolisoma hilo nilitabasamu: wamekwenda mbali na dunia, wakatumia akili nyingi ili kutengeneza kopo ya saruji. Lakini wao wana miezi sita na mifupa yote ya kuhifadhi. Sisi tulikuwa na paja moja na miezi mitatu.

Siku ya kujaribiwa alikanyaga klachi kutwa nzima mbele ya msimamizi, akapewa lori lake. Sidai kwamba ni springi peke yake. Kijana yule dereva alimtembeza sana, na mfupa ulikuwa umepona. Paja bado ni jembamba kidogo kuliko la kulia. Mkanda wa kwanza ulimchubua nyonga, tukaushonea sponji. Mabomba yalikuwa yakilia usiku hata madereva wa magari ya jirani wakauliza kuna mnyama gani humo, grisi ikayanyamazisha.

Mwezi uliopita alipiga simu akiwa Tunduma. Asema springi zimekuwa nyepesi, na yule fundi amekwisha mwambia kwamba waya wa milimita 5 upo tele. Nimemjibu angoje. Kwa milimita 5 mizunguko 30 itajaza bomba na kugusana kabla mguu haujanyooka. Nimemwandikia fundi milimita 4 na nusu, mizunguko ile ile, na bomba lile lile.